Shairi la Wafuasi Milioni Mbili

Kwenye basi la kwenda Tacuba nilikaa nyuma ya msichana aliyevaa koti jeupe la duka la dawa. Alikuwa akimsomea jirani yake, mama muuza tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, asiyemjua hata jina, shairi alilotumiwa na mchumba wake Fermín: "Mvua ingejua jina lako, isingenyesha kwingine."

"Mwanangu, hilo mkwe wangu alimtumia binti yangu Jumapili," mama akasema, akamwonyesha simu yake. Kumbe ni la mshairi wa mtandaoni, kijana wa Monterrey mwenye wafuasi milioni mbili.

Msichana akalisoma tena kwenye simu ya mama, neno kwa neno. "Na Fermín ananingoja kituo cha mwisho nimpe jibu la ndoa! Kaniambia kakesha akiliandika."

"Kakesha akilitafuta."

"Sasa mama, hata maua huwa ananunua, hayaoteshi."

"Lakini hajakwambia maua kayaotesha yeye."

Nikacheka peke yangu. Barua za marehemu mume wangu ziliandikwa na mwandishi wa kulipwa, pale kwenye matao ya uwanja wa Santo Domingo. Nami, kwa kuwa shule yangu ni ndogo, nilimwendea mwandishi yuleyule anijibie. Mwandishi yule alijitongoza mwenyewe mwaka mzima, tukaoana sisi.

"Bibi, unacheka nini? Nimkubali?"

Kabla sijajibu, basi likasimama kituo cha mwisho. Fermín alikuwa pale akingoja, macho kwenye simu, midomo inacheza, anakariri.

Msichana akainuka. "Simu namnyang'anya kwanza," akasema. "Halafu nimsikie."