Siku ya Tatu Bila Filimbi ya Kocha

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la kinyozi, mkabala na geti la chuo cha ualimu. Wenyeji wa benchi walikuwa wanne. Fundi Saa alikaa mwishoni na kimeza chake cha kioo. Kinyozi alinyoa akipata mteja, asipopata akabishana. Breki, dereva wa malori mstaafu, alipewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukuwa nazo. Na Mama Kahawa aliwauzia kahawa na kuwasuluhisha kwa birika lile lile. Kwa miaka thelathini na mmoja, saa kumi na mbili kamili asubuhi, filimbi ya Kocha, mwanamke aliyewafundisha wanachuo mbio, ililia ndani ya ukuta wa chuo, na Fundi Saa akasahihisha saa za watu kwa filimbi hiyo. Sasa ilikuwa siku ya tatu haijalia.

— Amepata ulaji, alisema Breki. Timu ya taifa imemchukua. Saa hizi yuko kwenye ndege, amenyoosha miguu.

— Miaka yote hiyo hawakumwona, wamwone wiki hii? aliuliza Kinyozi.

— Mvumilivu hula mbivu.

— Akiwa bado na meno.

Mama Kahawa alimimina kikombe cha pili bila kuulizwa. — Au amestaafu, akaondoka kimyakimya.

— Mtu hastaafu kimyakimya akiwa bingwa, alisema Breki. Yule alishinda dhahabu ya mbio za mita mia nane, dunia nzima inatazama.

— Mia nne, alisema Kinyozi.

— Mia nane.

— Mimi namnyoa kila mwezi, bwana. Kichwa cha mita mia nne nakijua.

Fundi Saa aliinamia kioo chake. Alikuwa na lake moyoni, na alijua kwamba neno likitua pale benchini asubuhi, kufika adhuhuri limeota mkia na pembe. Siku moja kabla filimbi haijanyamaza, Kocha alikuwa amemletea saa yake ya kupimia mbio. Miaka yote alipoileta alimsimamia fundi kichwani mpaka ipone, mguu wake ukigonga chini. Safari hii aliiweka juu ya kioo akasema, "Inachelewa, fundi. Au mimi ndiye ninayechelewa kuibonyeza, sijui. Sina haraka nayo." Fundi alikuwa ameifungua, akaisafisha, akaipima mara nne. Haikuwa na ugonjwa wowote. Tangu hapo kichwa chake kilikuwa kama uzi uliochezewa na paka.

— Tuanze mwanzo, alisema Kinyozi, akikunja taulo begani. Mtu ana dhahabu. Ana miaka ishirini na tisa. Vyuo vikubwa vinamtaka. Anakuja hapa kuwakimbiza walimu watarajiwa, watu ambao wakishamaliza watakuwa wanakimbizana na chaki. Kwa nini?

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, alisema Breki. Na ukingo wake ndio hili geti.

— Methali hiyo ni ya watu wa majivuno.

— Ina mbio ndani yake, inatosha.

— Mapenzi, alisema Mama Kahawa. Kulikuwa na mwalimu wa hisabati pale, mrefu, mpole. Alihamishwa. Yeye akabaki anamngoja.

— Miaka thelathini na mmoja? aliuliza Breki. Hata deni halingojwi hivyo.

Kinyozi alishusha sauti, ingawa barabarani hakukuwa na mtu. — Mimi nasema dhahabu yenyewe imefukiwa pale uwanjani, chini ya mstari wa kuanzia. Ndiyo maana kila asubuhi yuko pale pale. Halindi wanafunzi yule.

— Akili ni nywele, kila mtu ana zake, alisema Breki. Na wewe kazi yako ni kuzifagia. Sikilizeni. Nimeendesha basi la timu yake mara moja, gari la chuo lilipoharibika. Safari nzima hakusema neno. Alikaa mbele anahesabu nguzo za umeme. Bingwa wa kweli angesimulia ushindi wake mpaka tufike. Yule si bingwa. Bingwa ni pacha wake.

— Pacha?

— Pacha alikimbia, akashinda, akapotea na raha zake. Huyu akabaki na jina.

Hapo Fundi Saa aliinua uso. — Breki, huyo mwanamke amemfundisha binti yangu.

Wote wakamgeukia, maana fundi alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika.

— Mnamjua binti yangu. Mzito tangu utoto. Kila jioni yeye ndiye alikuwa wa mwisho, wenzake wameshaoga. Nilikuja kumchukua siku moja, giza linaingia, nikamkuta Kocha amesimama na saa mkononi anamngoja. Nikamwambia, mwalimu, huyu wa nini kumpimia, si tunajua ni wa mwisho? Akasema, "Na yeye ana muda wake. Jana ulikuwa huu, leo huu." Akaniandikia kwenye karatasi nikamwonyeshe mama yake.

— Kwa hiyo? aliuliza Kinyozi.

— Kwa hiyo sijui. Nasema tu.

Breki alikuwa anatafuta methali ya kumjibu, geti likafunguka. Mwanamke akatoka, mrefu, shingo imenyooka, akavuka barabara kwa hatua zile ndefu za Kocha, mguu ukitua kama unaipima ardhi. Uso ule ule. Nywele tu ndizo zilikuwa nyingi.

— Nilisema, Breki alinong'ona, kikombe kimegota mdomoni. Pacha.

Mwanamke akafika, akawasalimia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

— Karibu, dada, alisema Mama Kahawa, akampisha nafasi.

— Asante, sikai. Mimi ni mdogo wake Kocha. Mkuu wa chuo amenielekeza kwenu. Juzi alfajiri dada alianguka bafuni, anajiandaa kwenda uwanjani. Kiharusi. Madaktari wanasema atapona, ila ulimi bado mzito, na mkono wa kulia umelala.

Mkono wa kulia. Fundi Saa aliitazama saa pale chini ya kioo. Alikuwa ameipima mara nne. Aliyeileta hakumtazama hata mara moja.

— Sasa hataki kula, aliendelea yule mdogo mtu. Wakimletea chochote anageuza uso ukutani. Manesi wananiuliza, dada yako anapenda chakula gani? Mimi utotoni mwangu yeye alikuwa kambini, halafu nikaolewa mbali. Tunaandikiana tu. Mkuu wa chuo akasema, nenda kawaulize wale wa benchi la getini, wale wanajua kila kitu chake. Kwa hiyo nimekuja. Anapenda kula nini?

Breki akazirudia kichwani zile nguzo za umeme. Kinyozi akatazama taulo lake. Kichwa kile alikuwa amekishika kila mwezi kwa miaka yote, na Kocha akifumba macho kitini. Mama Kahawa akakumbuka mkono uliopungwa kila asubuhi kutoka ng'ambo ya barabara, na kwamba yeye naye alipunga wake, basi, hakuvuka.

— Hata kitu kimoja, alisema yule mwanamke. Chochote.

Mteja wa kunyolewa alikuja, akatazama nyuso zao, akaenda zake.

— Anaweza kutikisa kichwa? aliuliza Fundi Saa.

— Anaweza. Anatuelewa vizuri kabisa.

Fundi akafunga kimeza chake kwa kufuli. — Basi twende. Tutamtajia kimoja kimoja mpaka akubali.

Mama Kahawa alikuwa ameshaliepua birika jikoni. Kinyozi akavuta mlango wa duka. Wakashika njia ya hospitali nyuma ya yule mdogo mtu, wakihema, maana hatua zake zilikuwa ndefu kwao.

— Tuanze na uji, alisema Breki.

— Uji ni chakula cha wagonjwa.

— Na yeye ni nani?

— Tuanze na samaki, alisema Kinyozi.

— Una hakika?

— Sina.