Wakala wa Leseni Yuko Njiani

AWADH: Naam? Nani mwenzangu?

MUNA: Ami Awadh, salaam aleikum. Ni mimi.

AWADH: Waaleikumu salaam. Wewe nani?

MUNA: Muna, Ami. Muna wa duka la kushona, Al Baraha. Kwani jina langu halitokei hapo kwenye simu?

AWADH: Linatokea, linatokea. Hujambo, mwanangu?

MUNA: Sijambo. Shikamoo.

AWADH: Marahaba. Mombasa hawajambo? Mama na ule mguu wake, anatembea sasa, au bado—

MUNA: Wote wazima, alhamdulillahi. Ami, uko wapi?

AWADH: Niko njiani.

MUNA: Njiani wapi?

AWADH: Hapa hapa Deira. Foleni imekaza.

MUNA: Nilipokupigia mwanzo ulisema njiani. Nikapiga tena, njiani. Hiyo njia inatokea wapi, Ami, Unguja?

AWADH: [anacheka] Ulimi wako huo! Unguja niliondoka mtoto, nimebebwa.

MUNA: Basi leo nitakuja nikubebe mimi. Ami, niko hapa kwa katib adl, ofisi ya kuthibitisha sahihi, tangu walipofungua mlango. Namba nimeishika mkononi. Leo Ijumaa, hawa wanafunga kabla ya swala, na Raed hapa kando yangu kila mara anatazama saa yake.

AWADH: Raed ndo nani?

MUNA: Nilikueleza. Yule kijana ambaye mamake ni mteja wangu. Mwenyeji wa hapa, kama wewe, maana sisi wageni leseni hatupewi bila wakala mwenyeji. Ndiye atakayekaa pahala pako kwenye leseni ya duka.

AWADH: Pahala pangu. Haya.

MUNA: Ami, usi—

AWADH: Sijasema kitu.

MUNA: Umesema "haya".

AWADH: "Haya" limekuwa tusi siku hizi?

MUNA: [anavuta pumzi] Halijakuwa tusi. Lakini leseni inakufa Jumatatu, Ami. Ikifa, vibali vya mafundi wangu vinakufa nayo. Nikwambie tena? Wewe unatia sahihi kwamba umeuacha uwakala. Mbele ya afisa, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Halafu Raed anatia sahihi kwamba ameushika. Halafu mimi napeleka zote mbili idara ya uchumi, wanaondoa jina lako kwenye leseni, wanaandika lake. Khalas. Lakini bila wewe hakuna kinachoanza. Siwezi kukuruka. Ningeweza kukuruka—

AWADH: Ungeniruka.

MUNA: Sikusema hivyo.

AWADH: [mkwaruzo] ...nilikukosea nini, Muna? Nimekuwa wakala wako tangu duka halina hata pazia. Nimewahi kuja pale nikakuamrisha? Nikakufanya mtumishi wangu?

MUNA: Hujawahi. Unakatika, Ami. Hujawahi, na nawaambia watu. Wenzangu wakala zao wanawapeleka mbio, mara njoo, mara lete. Wewe ulikuja na mkeo bi Ummi, mkanywa chai, mkacheka, mkaenda zenu. Ndiyo sababu nimenyamaza muda wote huu.

AWADH: Umenyamazia nini?

MUNA: Tuyaache. Wewe njoo tu. Foleni iko wapi, nimtume mtu akuelekeze—

AWADH: Umenyamazia nini, nakuuliza.

[kengele inalia, sauti ya mashine inataja namba]

MUNA: Ngoja. Ngoja, wanaita... Si sisi. Bado.

AWADH: Sema.

MUNA: Ile meseji ya idara, Ami.

AWADH: Meseji gani?

MUNA: Wakati wa kuhuisha leseni mwaka huu. Ilikuja kwenye simu yako. Ilikuwa ya kubonyeza tu.

AWADH: Nilibonyeza.

MUNA: Ami...

AWADH: Wallahi nilibonyeza! Nilikaa kitini, nikabonyeza. Ikalia.

MUNA: Ulibonyeza "kataa".

AWADH: [mkwaruzo]

MUNA: Haloo? Umenisikia? Kulikuwa na "kubali" na kulikuwa na "kataa". Wamenionyesha pale dirishani. Wakala amekataa. Nikarudi dukani nikawaza, nimemfanyia nini Ami Awadh mimi? Nimemjibu vibaya? Sikwenda kumpa pole ya kutosha alipofiwa na bi Ummi? Nimekupigia hupokei. Nimekuandikia hujibu, sauti tu unanitumia, "Insha'Allah, mwanangu, insha'Allah." Insha'Allah ya nini, Ami, nami nimekuuliza swali!

AWADH: Mimi? Mimi nikukatae wewe?

MUNA: Ndivyo ilivyoandikwa.

AWADH: Na ukaamini?

MUNA: Ningeamini nini? Leseni ikasimama. Kila kitu kikasimama. Everlyn unamjua, yule fundi wangu wa Kakamega, anayedarizi—

AWADH: Yule mpole. Hunipa kiti.

MUNA: Huyo huyo. Kibali chake kilikuwa katikati, cha zamani kimekwisha, kipya hakitoki kwa sababu leseni imesimama. Mamake akafariki. Akitoka hapa harudi, Ami, hana karatasi ya kurudia, na ndiye anayelisha nyumba nzima kule. Hakwenda. Walimzika mamake yeye ametazama kwenye simu, chumba cha nyuma, kati ya majora ya vitambaa. Mtandao ukakatika wakati wanateremsha jeneza. Sijui kama unaelewa. Ukakatika pale pale.

AWADH: Inna lillahi.

MUNA: Ndiyo hivyo.

AWADH: Hamkunambia.

MUNA: Nilikuandikia! Nimekuandikia meseji ndefu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa—

AWADH: Nilikuwa... [mkwaruzo]

MUNA: Haloo? Ami?

AWADH: Nasema, zamani Ummi ndo alokuwa akinisomea meseji. Mimi simu hizi sizipendi.

MUNA: Na sasa nani anakusomea?

AWADH: Hebu tuyaache hayo.

MUNA: Mwanao Waleed?

AWADH: Waleed yuko Abu Dhabi na kazi yake. Na usimpigie. Unanisikia, Muna? Mwanangu usimpigie kwa jambo hili. Anatafuta sababu yule. Anataka nifunge nyumba nikakae kwake, nilazwe kama mtoto, niamshwe kama mtoto. Nyumba ya Ummi nimwachie nani?

MUNA: Sipigi. Lakini mbona unanena kama— Ngoja. Raed amesimama. Raed, shwaya, shwaya, ngoja kidogo, yuko njiani! Anasema ana kazi Al Barsha, mkubwa wake ameanza kumtafuta. Ami, tafadhali. Hii si mara ya kwanza. Wiki ile tulikaa hapa hapa mpaka walinzi wakatutoa. Hukutokea.

AWADH: Nilitokea.

MUNA: Wapi?

AWADH: Nilikuja. Teksi ilinishusha mlangoni. Nikapewa namba na mlinzi, nikaketi, nikangoja. Hawakuniita.

MUNA: Ami, hapa hawaiti jina. Wanataja namba, na inawaka pale juu. Si ungetazama karatasi yako?

AWADH: Niliishika.

MUNA: Sasa si ungetazama—

AWADH: Niliishika mpaka ikaloa jasho, Muna. Nikangoja wewe unione. Hukuniona. Nikaondoka.

MUNA: Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya kile kiambaza. Ningekuonaje? Si ungemuuliza mtu?

AWADH: Nimuulize mtu nini?

MUNA: Kwamba—

[kengele inalia, sauti ya mashine inataja namba]

MUNA: Kwamba namba yako ni... Ami.

AWADH: Naam.

MUNA: Hiyo ni nini?

AWADH: Nini?

MUNA: Hiyo kengele. Nimeisikia kwa sikio hili, na nimeisikia ndani ya simu.

AWADH: Mtandao mbovu huo.

MUNA: Hakuna honi huko uliko. Hakuna gari. Tangu tuanze kuzungumza sijasikia gari hata moja. Uko hapa.

AWADH: Nilitaka kukwambia.

MUNA: Umekaa hapa ndani muda wote! Mimi nimesimama nachungulia mlango wa barabarani, Raed anataka kukimbia, na wewe— njiani! Foleni! Kwa nini, Ami? Nieleze tu kwa nini, kwa sababu mimi nachoka. Wallahi nimechoka.

AWADH: Hawa wanakupa karatasi, wanakwambia, "Soma, mzee, kisha utie sahihi." Mbele za watu. Vijana wanakutazama.

MUNA: Sasa kusoma Kiarabu kuna nini? Wewe Kiarabu unakisoma kuliko wao. Bi Ummi alikuwa akisema wewe ndiye uliyekuwa ukimsomea magazeti...

AWADH: Nilikuwa. Muna? Uko hapo?

MUNA: Niko.

AWADH: Salio lako litakwisha.

MUNA: Liache liishe. WhatsApp huku haipigi, ningefanya nini. Ami, ile siku ulipokuja dukani, ukamsalimia Everlyn ukamwita kwa jina langu. Tulicheka.

AWADH: Mlicheka sana.

MUNA: Hatukujua.

AWADH: Hakuna la kujua. Mtu mzima anakosea majina.

MUNA: Ndiyo. Mtu mzima anakosea majina. [anapenga kamasi] Sikiza. Umekaa wapi? Kando yako kuna nini?

AWADH: Kuna mashine ya kahawa. Inanguruma mgongoni.

MUNA: Naijua. Usiinuke. Raed, njoo, twende naye, yuko hapa! Ndiyo, hapa ndani. Tangulia kwa afisa umwambie... mwambie mzee anapenda kusomewa. Kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Ndiyo, wanaruhusu. Nenda.

AWADH: Umemwambia nini?

MUNA: Umesikia. Wazee wengi wanasomewa hapa, Ami. Asubuhi hii tu nimeona. Afisa anasoma, mzee anaitikia, anawekewa kidole penye mstari, anatia sahihi yake. Hakuna anayetazama.

AWADH: Waleed hatajua?

MUNA: Kwangu hatajua. Lakini daktari wa macho utamwona. Hilo sikuombi, nakwambia.

AWADH: Umeshaanza kunitawala na uwakala sijauacha.

MUNA: Nakuona. Nimekuona, Ami. Umevaa kanzu ya kijivu.

AWADH: Nyeupe.

MUNA: Nyeupe... Nyeupe, ndiyo. Mwanga wa huku mbaya. Nakuja nikushike mkono—

AWADH: Hapana.

MUNA: Ami...

AWADH: Mkono sitaki. Nimeingia hapa kwa miguu yangu. Wewe tembea mbele, kama mtu mwenye haraka zake. Simu usikate. Zungumza. Mimi n'tafuata.

MUNA: Nizungumze nini?

AWADH: Lolote. Yale uliyokuwa ukiyanyamazia, yamebaki mengi.

MUNA: Hapa? Watu watanitazama mimi.

AWADH: Watasema mwanamke wa Mombasa anagombana na simu. Kuna jipya hapo?

[kengele inalia, sauti ya mashine inataja namba]

MUNA: Sisi hao! Yalla, Ami, inuka, inuka. Geukia kulia. Haya. Naanza. Umenisumbua, Ami Awadh.

AWADH: Naam.

MUNA: Umenisumbua mwaka mzima. Njia nyoofu, usigeuke. Nimekuja kwako nikapiga hodi mpaka jirani akatoka, na redio naisikia ndani inasema.

AWADH: Siku ile nilikuwa nimelala.

MUNA: Hukulala! Mtu halali na taarifa ya habari. Kuna miguu ya mtu hapo, pita kushoto. Umenikalisha nikidhani nimekukosea. Nimekosa usingizi, nimemfokea mteja, nimekata jora zima la hariri vibaya. Kwa nini hukunambia mimi? Wengine sawa. Mimi?

AWADH: Ungenihurumia.

MUNA: Ningekuhurumia, ndiyo, na ungekunywa chai yako kama kawaida na maisha yangeendelea! Ngazi moja hapo, fupi. Panda. Na ukitoka hapa twende dukani. Ukampe Everlyn pole ya mamake kwa kinywa chako.

AWADH: N'takwenda. Leo hii. N'tamwambia sikumkatalia mie.

MUNA: Utamwambia vyote.

AWADH: N'tamwambia. Muna, baada ya sahihi, n'takuwa nakuja dukani kama nani?

MUNA: Kama Ami Awadh. Nani alikuwa akija pale kama wakala? Punguza mwendo, tumekaribia. Raed ameushika mlango. Ami, simu inalia, salio linakwisha. Ikikatika usisimame. Mimi nitaendelea kusema.

AWADH: Sema kwa nguvu basi.

MUNA: Nasema. Umenisumbua, Ami Awadh, umenisumbua mno, na bado sijamaliza, kwa sababu ile siku ya—

[simu inakatika]