Maji ya Kuchapana

Jugal alikuwa amepakata dolchi yake, kikombe cha ngozi chenye mdomo mpana, kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Basi dogo lilikuwa bado halijatoka stesheni ya Bikaner, na tayari mama aliyekaa naye kiti kimoja ameshaanza.

"Hicho ndicho cha kuchapania maji kwenye sikukuu ya Holi?"

"Ndicho, mama. Nimetoka Surat kwa ajili hiyo tu."

"Basi mna wazimu! Jangwani hapa, bomba langu linakohoa tu tangu juzi, nyie mnajaza masufuria barabarani mchapane migongo?"

"Mgongo tu, mama, na mwisho tunakumbatiana. Babu zetu wa koo mbili walimwagana damu, sisi tunamwagiana maji."

"Babu zako hawakupanga foleni kwenye boza la maji."

Abiria wakacheka. Jugal, ambaye kwa maneno hajawahi kushindwa, akajua leo amekutana na kiboko yake.

"Njoo uone kwanza, ndipo useme."

"Nione nini? Kila mwaka naona kutoka juu ya paa langu."

Basi likasimama kwenye lango la mji wa kale. Mama akainuka, akaweka ushungi wake sawa, kisha akamwinamia.

"Wewe wa upande gani?"

"Wa akina Vyas."

"Mwanangu Girdhar ni wa akina Harsh, yule mrefu mwenye masharubu. Mwaka jana karudi mgongo hauna hata alama, majirani wakasema alijificha. Mchape mpaka nisikie kule juu."

Akashuka, akageuka.

"Na ole wako umwage tone pembeni!"