Ni Dawa ya Nini?

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi. Mkurugenzi wa Maktaba, mwenye ukumbi huu. Mwenyekiti wa Kamati ya Maonyesho pamoja na wajumbe wako. Ndugu wageni waalikwa, majirani, na watoto mliokaa sakafuni: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake. Nakusalimu na wewe, wifi yangu, uliyechagua kiti cha karibu na mlango na mkoba bado uko begani.

Mimi si msemaji, ni fundi cherehani. Mapazia haya nimeyashona mimi. Nimesimama hapa kwa sababu mwenye picha amekataa kusema. Aliniambia, "Wifi, wewe Mungu kakupa mdomo, nisemee." Basi nasema, na yakizidi mtamlaumu yeye.

Wifi yangu ni mfamasia wa zahanati. Kutwa yuko nyuma ya kidirisha, na kutwa anaulizwa swali moja: hii ni dawa ya nini? Hii ya presha, mama. Hii ya kikohozi, usinywe kabla ya kula. Jioni akirudi anaiteka meza ya kupigia pasi, anatandaza karatasi na rangi za maji, anatia tawi moja kwenye glasi. Kaka yangu akitaka shati linyooshwe, alinyooshe kwa viganja. Na sisi tuliokwenda kumtembelea, tukimkuta ameinamia jani mpaka pua inaligusa, tulimuuliza nini? Lile lile: ni dawa ya nini?

Ndugu wageni, na ninyi leo mtauliza hivyo hivyo, na kuuliza si ujinga. Karibu kila picha itawajibu. Mkindu, mikeka. Mswaki, jina lake linatosha. Shubiri ile pale wengi wenu mnaifahamu tangu mlipoachishwa ziwa, na naona kuna waliokwisha kukunja uso. Lakini hebu isogeleeni picha ya mnyonyo. Mafuta yake tunayajua sote. Nani alijua kwamba katika shada moja la maua, ya kike hukaa juu na ya kiume chini? Kina kaka, msinikasirikie, huo ni mmea tu.

Ipo picha moja isiyo na jibu. Ni ya mmea mdogo unaotambaa kwenye nyufa za saruji, kando ya mfereji wa zahanati. Wengine tumeukanyaga tukija hapa. Majani yake hujikunja jua likiwa la utosi, yakafunguka jioni. Ua lake linatazama chini. Kwa nini? Linamficha nani uso? Wifi aliwauliza wazee, akawauliza wauza mitishamba sokoni, akamuuliza bwana shamba. Kila mmoja aliupa jina lake, na hakuna aliyejua kazi yake. Hata mbuzi wanauruka. Kaka yangu, kwa mapenzi, akautafuna ili apate kujua. Hakuugua, wala kikohozi chake hakikupona, ila ulimi ulikuwa wa kijani mpaka kesho yake.

Sasa, Kamati iliweka sharti, tena sharti la busara: maonyesho ni ya mimea ya asili yenye faida, kwa hiyo kila picha iwe na kijikaratasi chenye jina na matumizi. Nampongeza Mwenyekiti, mtu makini, ambaye tangu nimfahamu hajapata kuacha nafasi wazi kwenye karatasi yoyote. Jana akaishusha ile picha. Akasema, kwa upole kabisa, "Mama, mmea usio na kazi tutauwekaje?" Wifi akajibu, "Basi nitaondoka nao, na zilizobaki nitazifuata kesho." Mwenyekiti akashangaa: "Kwa nini huu tu ukuume hivyo?"

Nayarudia maneno yake, maana mwenyewe hatayasema. "Kutwa naulizwa hii ya nini, na lazima nijue, nikikosea mtu anaumia. Huu mmoja siujui. Ndiyo maana nimeuchora mara nyingi kuliko yote. Siku nitakapoacha kutazama nisichokijua, nitakuwa nagawa vidonge tu."

Mimi nililia, sioni aibu kusema. Na tangu jana najiuliza: aliyekamua mbegu ya kwanza kabisa ya mnyonyo, yeye aliandikiwa kijikaratasi na nani? Si alikuwa mtu ameinama tu, hajui, na hataki kuondoka?

Mwishowe yeye na Mwenyekiti wakaafikiana kwamba mgeni rasmi ndiye aamue. Mheshimiwa, utuwie radhi, hili halimo katika ratiba uliyopewa. Picha ni hii, nimeiegemeza kwenye meza yangu. Msumari wake upo pale karibu na dirisha. Hatukulazimishi. Ukiona haifai, wifi yangu atatoka nayo kwapani bila kelele, namjua, na kesho mapazia yangu yatabaki yakitazamana na misumari.

Naona Mheshimiwa ameinuka. Ameishika. Watoto, mpisheni. Anavaa miwani. Unasemaje, Mheshimiwa? Nyamazeni kidogo jamani, ana swali. Anauliza, mbona upande huu wa jani una vinyweleo na huu hauna?

Hilo, Mheshimiwa, mimi silijui. Wifi, weka mkoba chini, uje. Itundikeni kwanza, mtaulizana ikiwa ukutani.

Asanteni nyote kwa kunitegea sikio.