Waitikiaji wa Bibi Chausiku

Tangu basi lilipopita Bigwa, Irene alikuwa amefumba macho, kwa sababu mazungumzo ya kiti cha mbele hunoga zaidi ukijifanya umelala.

“Bibi Chausiku, imba tu nirekodi,” kijana alikuwa akimbembeleza bibi aliyepakata ngoma. “Ukiondoka, nyimbo za kutoa mwali zitapotea.”

“Niondoke niende wapi? Mimi nashuka Mkuyuni, kuna mwali anatolewa.”

“Vijana tuko kwenye simu, bibi.”

“Basi simu iniitikie! Mimi naanza, watu wanaitikia, ndiyo nyimbo zetu hizo. Wewe unataka kunianika kama dagaa, unitie mfukoni, useme umerithi.”

“Sasa nani akuitikie? Wajukuu zako wenyewe hawazijui.”

Kijana alikuwa na adabu, lakini hapo alimgusa penyewe. Bibi aliikumbatia ngoma mpaka kona ikaisha. “Haya, naanza. Asipoitikia mtu, rekodi zote.”

Akapiga ngoma kwa kiganja, akaimba mstari mmoja wa Kiluguru, akanyamaza kuwapisha wengine. Konda akatazama nje. Irene alikatazwa nyimbo hizo na mama yake, mwanakwaya wa misheni, ila bibi yake alimfundisha wakipalilia maharage. Akashtukia mdomo wake unaitikia, macho bado kayafumba.

“Zima simu,” Bibi Chausiku alisema.

“Lakini ni mmoja tu, bibi!”

Basi likasimama Mkuyuni. Bibi akainuka, akamsukumia kijana ngoma kifuani.

“Wa pili wewe. Ipokee,” alisema. “Kwa mikono miwili.”