Madaraja ya Ufalme wa Gisa

Taxi ilikuwa inashuka kutoka Kamembe kwenda mpakani, mwaka 2003, na Maman Véronique, muuza vitenge wa Bukavu, aliwasikiliza vijana wawili wa kiti cha mbele bila hata kujificha.

"Muntu wa Kanada ametuandikia ku site yetu ya mchezo, kule ku internet," Gisa alisema, akikunjua karatasi yenye ujumbe huo. "Wa kwanza, Akilimali. Kule banatupa dé, ile dadu ya namba, mumoja anahadithia, bengine banakuwa mashujaa ndani ya ufalme tuliyochora."

"Na anauliza nini?"

"Juu ya nini madaraja yote inafungwa saa kumi na mbili ya mangaribi. Hata joka inangojea asubuhi."

Véronique hakuona swali hapo. Daraja gani lisilofungwa?

"Ile ni kosa yetu," Akilimali akasema. "Tuitoe. Batatucheka."

"Banaipenda. Tuiache."

"Shujaa hawezi kulala inje juu douanier, mutu wa forodha, amefunga daraja, Gisa."

Taxi ikasimama. Zilibaki dakika nne kabla ya saa kumi na mbili, saa ya kufungwa kwa daraja la mpakani. Akilimali, mtetezi wa madaraja yasiyofungwa, alikuwa wa kwanza kuruka na kutimua mbio, na Véronique akamfuata, vitenge kichwani.