Bi Chujio na Kamba wa Matangi Matupu

Ijumaa tarehe 29 Agosti, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne, mpimaji maji wetu, ambaye gati zima linamwita Bi Chujio, anakabidhi ufunguo wa maabara. Kumi na tisa kati ya miaka hiyo nimefanya naye kazi. Niliingia nikifagia, nikajifunzia hesabu kwenye madaftari yake. Tarakimu zilizo humu ni zake, na nimezihakiki.

Kazi yake ilikuwa kupima maji ambayo meli isiyo na shehena hubeba tumboni ili isiyumbe. Huchotwa mto huu, yakamwagwa mto ule, pamoja na vyote vilivyomo. Machujio alishonewa na mumewe, fundi cherehani, kwa kitambaa cha pazia. Shemeji hupenda kusema kwamba nyumbani kwao madirisha yako wazi kwa faida ya umma.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa huu: nahodha akisaini kwamba matangi ni matupu, meli haipimwi. Kwa miaka tisa Bi Chujio alipitisha meli 1,140 kwa saini hizo. Ameniagiza niliandike hili bila kumung'unya maneno. Naongeza asilotaka niongeze: utaratibu hakuutunga yeye, na walioutunga walishaagwa kwa maua.

Siku moja aliona tope bichi kwenye viatu vya baharia aliyetoka kwenye tangi lililosainiwa kuwa tupu. Akavaa buti, akaomba kuteremka. Nahodha akacheka: “Mama, humo hamna hata maji ya kunawa. Unakwenda kuvua nini?”

“Abiria wako wasio na tiketi, baba.”

Alipanda na nusu ndoo ya tope. Ndani yake kamba wadogo kumi na wanne, wenye milia, ambao mto wetu haukuwahi kuwaona, wazima kabisa.

Ripoti aliiandika siku ileile. Ilijibiwa baada ya miezi saba: kamba ni kitoweo, asitie watu hofu. Kufikia hapo, ndoo moja ya chini ya gati ilikuwa ikitoa kamba wageni 212. Wale weupe wa kwetu, waliokuwa sitini kwa ndoo, walibaki watatu. Mwaka uliofuata, hakupatikana hata mmoja. Wageni hao hula pia mayai ya samaki, na wavuvi hawakuhitaji ripoti kulijua hilo.

Maji yakimwagika hayazoleki, naye hakupoteza muda kuyazoa. Alilikimbilia ziwa la juu, lililo bado safi. Kwa miaka sita, kila boti inayopelekwa huko kwa lori imeoshwa na kuanikwa siku tano mbele ya macho yake, na kila Jumanne amechota huko ndoo ishirini, hata wiki aliyokuwa na bandeji mguuni. Ndoo 6,240. Kamba wageni: sifuri.

Nafasi yake haijatangazwa. Tumeambiwa suala linaangaliwa. Kamba hawasubiri vikao, kwa hiyo sisi wanne wa stoo na maabara tumejipangia zamu, ndoo tano kila mmoja. Ametufundisha, akatugombeza, akaturudisha majini mara ya pili.

Asante, dada. Afya njema, na usingizi mtulivu wewe na shemeji. Jumanne, tafadhali, usije. Saa nne asubuhi tutakupigia simu kukuambia idadi.